Mtumwa wa Mwalimu Filimbi

Majivu yakilowa hutoa harufu ambayo ikinifikia tu narudi darasa la tano. Ni harufu ya jiko lililozimwa asubuhi, ina uchachu kwa mbali, na ukiivuta vibaya unapiga chafya mpaka machozi yanatoka. Juzi wanafunzi wangu hapa Mikumi walikuwa wanachora mistari ya uwanja wa netiboli. Chokaa ikawaishia kabla duara la katikati halijafunga, mmoja akakimbilia jikoni kwa wapishi wa shule, akarudi na ndoo ya majivu. Manyunyu yakaanza kudondoka. Nilikuwa nimesimama kando na filimbi mdomoni, nikashindwa kuipuliza. Niliwaambia ni chafya. Wakatazamana, maana wasichana wa siku hizi huwezi kuwadanganya kirahisi.

Tulikuwa tumetoka kumzika Mwalimu Filimbi kule Kilosa, na filimbi niliyokuwa nayo mdomoni ilikuwa yake.

Alikuwa na jina lake halisi, lakini mjini kwetu hakuna aliyelitumia isipokuwa mkewe akikasirika. Alitufundisha historia katika shule ya msingi, na jioni alikuwa kocha wa netiboli wa wasichana. Alikuwa mrefu, mwembamba, miguuni makubazi ya tairi, kichwani kofia ya kitambaa iliyopauka mpaka huwezi kujua ilianza na rangi gani. Filimbi aliifunga kwa kamba ya kiatu na kuivaa shingoni darasani, sokoni, hata kwenye harusi za watu.

Uwanja wetu ulikuwa karibu na reli. Treni ikipita, filimbi haisikiki, kwa hiyo alitunga sheria ambayo sijaikuta kwenye kitabu chochote cha netiboli: treni ikipita, kila mchezaji anaganda pale pale alipo. Kama mguu ulikuwa juu, ubaki juu. Mpira uliokuwa hewani uachwe uanguke wenyewe. Abiria walituchungulia madirishani wakaona wasichana waliosimama kama vinyago katikati ya uwanja, sijui walidhani mji wetu umelogwa. Behewa la mwisho likishapita ndipo anapuliza, nasi tunaendelea tulipoishia.

Mistari aliichora kwa majivu. Hela ya chokaa shuleni haikuwepo, hivyo kila mmoja wetu alikuja na kopo la majivu kutoka jikoni kwao. Ya mkaa aliyakataa, alisema ni mepesi, upepo kidogo tu yamehama. Aliyapenda ya kuni ngumu, meupe, yanayokaa. Majivu ya bibi yangu aliyasifu mbele ya wenzangu wote, nami siku hiyo nilirudi nyumbani kifua mbele kana kwamba nimeyapika mimi. Alikuwa anatembea kinyumenyume, ameinama, anayamwaga taratibu kupitia tundu la kopo, na mstari wake ulinyooka kuliko wangu wa rula. Mvua ikinyesha usiku, mistari yote inafutika, na kesho yake anaanza upya akiimba puani.

Tena alikuwa na neno lake. Msichana akianguka hakumkimbilia. Alipuliza filimbi, mchezo ukasimama, akasema kwa sauti ya kusikika hadi stesheni, "Nani kakuruhusu kulala?" Kisha anageuza uso pembeni, anaitazama milima kana kwamba ana shughuli nayo, anakusubiri. Mkono hakupi, na mchezo hauendelei mpaka usimame mwenyewe. Mwanzoni niliona mtu huyu ana roho mbaya sana. Nilikuwa mkubwa tayari nilipong'amua kwamba aligeuka ili mtu apate nafasi ya kulia bila kutazamwa.

Mimi nililelewa na babu na bibi. Mama alifariki nikiwa mchanga, na baba alikuwa kazini Kigoma, anakuja kwa nadra na zawadi za samaki wakavu. Babu yangu alikuwa Mnyamwezi. Baba yake ndiye aliyefika Kilosa kukata mkonge, naye mwenyewe akafanya kazi reli mpaka akastaafu. Hakuwa mtu wa maneno. Akikohoa tu, kuku walishuka barazani. Mtaani watu walipita mbele ya nyumba yetu wakipunguza sauti, na sikuwahi kumwona mtu akimfanyia mzaha.

Shangazi yangu, binti wa babu, alikuwa ameolewa Ruhembe, kwenye mashamba ya miwa. Mwaka ule alijifungua, na kwa kuwa yeye na mumewe wote walikuwa wanaamkia shambani, akatuma ujumbe kwa dereva wa basi: anaomba nipelekwe nikamlelee mtoto. Babu alikubali siku hiyo hiyo. Alisema nitahamishiwa shule ya huko huko. Bibi alisikia, akaendelea kupepeta mchele bila kuinua uso. Lakini mtaani kwetu tulikuwa tumeshawaona wasichana waliokwenda kulea na kuhamishiwa shule za huko huko, na tulijua uhamisho wa namna hiyo unaishia wapi. Unakuja kukutana na mmoja wao baada ya muda, ana mtoto wa mwenzake mgongoni, na ukimuuliza yuko darasa la ngapi anacheka tu.

Na mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimepewa nafasi ya mfungaji, yule anayesimama chini ya pete. Nililia chooni, mahali pekee ambapo babu asingenisikia. Kubisha lilikuwa jambo ambalo hata kichwani halikunijia.

Ndipo alasiri moja, bibi akiwa shamba upande wa Mvumi, Mwalimu Filimbi akaingia uani kwetu bila hodi.

Nilikuwa nachambua maharage karibu na kiti cha babu. Niliruka nikasimama. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba," akanijibu. Halafu akamsogelea babu yangu, mzee aliyemzidi umri kwa mbali, na hakumwamkia. Mtu asiyekulia kwetu hawezi kujua jambo hilo lilinishtua kiasi gani. Hata mkuu wa wilaya alipowahi kupita mtaani alimpa babu shikamoo yake. Mwalimu alisimama, mikono kiunoni, akamtazama kuanzia kandambili mpaka kipara.

"Mbona umekalia kiti na bwana wako amesimama?" akamuuliza.

Babu aliinua macho taratibu. "Umefuata nini hapa?"

"Nimefuata mali yangu. Babu zako walipita hapa wamejitwika meno ya tembo, wakatukuta sisi Wasagara tumekaa na chakula chetu. Wakala, wakalala, wengine ladha ya ugali ikawanogea mpaka leo hawajaondoka. Wewe ni mtumwa wangu, mzee, na waliozaliwa kwako ni wangu." Akaninyooshea kidole. "Nimekuja kumchukua huyu."

"Chukua kuku, uende zako," babu alisema.

"Kuku wako wamekonda kama wewe. Nimesema huyu. Atalala hapa, atakula hapa, maana mimi chakula cha kumlisha Mnyamwezi akashiba sina. Ila ujue ni wangu. Usimpeleke mahali popote bila kuniuliza mimi. Si Morogoro, si Dodoma, si Ruhembe."

Aliposema Ruhembe, babu aliinamisha kichwa. Akafunika uso kwa kiganja, na mabega yake yakaanza kutikisika. Katika maisha yangu yote nilikuwa sijamwona babu akilia. Mwalimu aliinama, akachota maharage yangu kiganja kizima, akayatia mfukoni mwa shati, akaondoka bila kwaheri.

Najua unayesoma umeshacheka. Unajua kwamba Msagara na Mnyamwezi ni watani, na kwamba mtani akiingia kwako anakutukana ukoo mzima, anabeba anachokitaka, na wewe ukinuna umejiaibisha. Lakini mimi utani niliujua wa msibani tu. Nilikuwa nimewaona watani kwenye mazishi, wamejipaka majivu, wamevaa nguo za marehemu, wanamwiga anavyotembea na anavyosengenya, wafiwa wakicheka huku kamasi zinawatoka. Bibi aliniambia kwamba hiyo ni kazi yao, kuwapumzisha wenye msiba, na kwamba mtani akilia pale mbele ameharibu. Hayo nilikuwa nayajua. Sikujua kuwa watu hao hao wana utani wao wakiwa wazima, tena mchana, tena na babu yangu.

Na kuna jambo lingine lililonimaliza. Wiki ile ile Mwalimu alikuwa ametufundisha juu ya misafara. Alitutoa nje ya darasa, akatuonyesha milima ya upande wa Mamboya, akasema walipita hapo hapo, wengine wamefungwa kamba shingoni, na mtu aliweza kuchukuliwa nyumbani kwake mchana watu wakiona. Alikuwa anafundisha vizuri mno, kosa lake lilikuwa hilo. Kwa hiyo alipomnyooshea kidole mjukuu wa mtumwa wake, mimi nilijua kabisa kinachotokea. Somo nilikuwa nimelielewa.

Bibi aliporudi na mzigo wake wa mboga nilimfuata jikoni.

"Bibi, ni kweli mimi ni wa Mwalimu Filimbi?"

Uso wake ulibaki kwenye chungu. "Ni kweli," akasema. "Ni wa Mwalimu. Nenda kafue sketi yako ya mazoezi."

Basi safari ya Ruhembe haikutajwa tena, nikawa mtumwa, na sijivuni nikisema nilikuwa mtumwa hodari. Nilifika uwanjani wa kwanza, nikafagia majani, nikachota maji ya kunywa ya timu nzima kabla hajaniambia. Wenzangu wakiomba kupumzika, mimi naendelea kutupa mpira kwenye pete. Akisema tukimbie kuzunguka uwanja, nakimbia mpaka aseme basi, na asiposema sisimami. Siku moja alisahau, akawa anaongea na mwalimu mwenzake, wenzangu wote wameshakaa kivulini mimi bado nazunguka.

"We Kabula, hivi huchoki?" rafiki yangu Rehema aliniuliza.

"Siruhusiwi," nikamjibu.

Kamba ya ile filimbi nilikuwa naitazama kwa wasiwasi. Niliona ni ndefu kuliko inavyohitajika kwa filimbi peke yake. Nilisubiri siku atakayoivua shingoni kwake na kunivisha mimi, na kila jioni tuliporuhusiwa kwenda nyumbani nilitembea haraka kabla hajabadili mawazo. Sikumwambia mtu. Niliona ni aibu ya ukoo wetu, na kwa jinsi babu alivyolia siku ile, sikutaka kumkumbusha.

Ila kulikuwa na kitu kilichonichanganya. Mpira ulikuwa umeanza kuingia. Zamani ulikuwa unagonga chuma na kurudi, sasa nikiuachia mkononi nilikuwa najua utakwenda wapi. Nilianza kulala nikiuota. Mwalimu akawa anasema "Mnyamwezi wangu yule pale, mpeni mpira," na Rehema ananirushia bila hata kutazama, maana anajua nipo. Nilikuwa na furaha, na furaha yenyewe ilinitia mashaka, kwa sababu katika lile somo la misafara hakukutajwa mtu hata mmoja aliyekuwa na furaha. Nikawaza labda ninakosea mahali.

Shule ilipokaribia kufungwa tukapata mechi Mikumi. Mfanyabiashara mmoja wa mahindi alitupakia kwenye lori lake, tukapita kijiji cha Ulaya, tukapita Zombo, tunaimba mpaka vumbi jekundu likatufunga midomo. Mikumi niliiona kubwa mno. Barabara ya lami, malori ya mizigo yaliyojipanga kando, wanawake wanauza mahindi ya kuchoma kwa madereva wanaozungumza Kiswahili cha lafudhi ya mbali. Uwanja ulipakana na pori, na nyani walikaa pembeni kama mashabiki wa timu ya wenyeji. Mapumziko yalipofika mmoja wao alichukua mfuko wetu wa machungwa, akaenda kula huku anatutazama. Mwalimu alimpulizia filimbi. Nyani hakuona sababu ya kuacha.

Tulikuwa bado tunacheka machungwa yetu nilipomwona babu.

Alikuwa amesimama upande wa barabara, amevaa koti lake la safari. Kwapani alikuwa na jogoo aliyefungwa miguu. Mkono wa pili alishika begi, nami nililijua lile begi hata kabla sijaona zipu yake iliyoshonwa kwa uzi mweusi. Lilikuwa langu. Kutoka Kilosa kwenda Ruhembe lazima upite Mikumi.

Nilielewa mara moja, yaani nilielewa kwa namna yangu. Babu amekuja kunikomboa. Jogoo ni malipo yangu, na nikishalipiwa nitakuwa huru, na nikiwa huru tutapanda basi pamoja kwenda Ruhembe. Nilitegemea kufurahi, nikakaa nikiingoja ile furaha, haikuja. Kilichokuja kilikuwa kama pale unapoamshwa ukiwa kwenye ndoto nzuri na kuambiwa ukachote maji.

Kipindi cha pili kilianza nikiwa natazama barabarani badala ya mpira. Rehema akanirushia, nikageuka nimechelewa, nikagongana na mlinzi wao, msichana aliyejengeka vizuri, nikaenda chini kifudifudi. Goti likachanika. Filimbi ikalia.

"Nani kakuruhusu kulala?"

Nilisikia watu wa Mikumi wakiguna. Nikainua kichwa nikamwona babu anakuja, ameshaingia ndani ya mstari, begi linamgonga mguuni, uso umekunjamana kwa hasira. Mwalimu Filimbi alinyoosha mkono mmoja kumzuia kifuani, bila kumtazama, kwa sababu uso wake alikuwa ameugeuzia milima. Wakasimama hivyo wawili hao, mzee mwenye jogoo na mwalimu mwenye filimbi. Babu akawa anahema. Uwanja wote ukaningoja mimi.

Nikasimama. Nikafuta mchanga. Nikarushiwa mpira, nikaupandisha, ukazunguka juu ya chuma kwa uvivu, ukaingia.

Mechi ile tulishindwa, nalisema wazi kwa sababu wenzangu siku hizi wakisimulia huwa wanasema tulishinda. Wenyeji walikuwa wazuri. Baada ya kushikana mikono nao, babu alimwendea Mwalimu mbele ya timu nzima na watu wa Mikumi waliobaki, akamnyooshea jogoo.

"Nimekuja kumkomboa mjukuu wangu," akasema. "Huyu hajakonda. Mpime."

Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona amekosa la kusema. Alimtazama yule jogoo, akalitazama begi langu, akanitazama mimi na goti langu. Sasa najua alikuwa kwenye kona gani. Ameanzisha utani, na utani nao una heshima yake. Mtani mwenzako akikuletea kitu mkononi huwezi kugeuka ghafla kuwa mwalimu na kuanza kumhubiria. Angempokea jogoo, angekuwa ameniachia. Mikono yake ilianza kuinuka.

"Babu," nikasema, "usinikomboe."

Sikujua kama nimelisema kwa sauti mpaka nilipoona kila mtu amenigeukia. Mtoto hakatizi mazungumzo ya wakubwa, hasa ya babu yangu.

"Unasemaje?" babu akauliza.

"Shikamoo Babu," nikasema kwanza, kwa woga, maana nilikuwa sijamwamkia. "Usinikomboe. Mpe shangazi huyo jogoo. Mimi nataka kubaki mtumwa."

"Unataka kubaki mtumwa."

"Ndiyo, Babu. Nikikombolewa, nani atasimama chini ya pete?"

Watu walicheka tena, Rehema zaidi ya wote. Babu akafunika uso kwa kiganja, mabega yakaanza kutikisika vile vile kama siku ile uani. Safari hii nilikuwa karibu yake, mfupi, nikamchungulia kwa chini. Alikuwa anacheka. Babu yangu alikuwa anacheka mpaka machozi yanafuata mifereji ya uso wake, na akili yangu ikarudi mbio mpaka kwenye maharage, mpaka kwenye "Chukua kuku, uende zako," nikaona jinsi nilivyokuwa mjinga, na nikaona aibu, na nikafurahi, vyote pamoja.

"Basi," alisema alipopata pumzi. "Mtumwa kamkataa mkombozi. Nitamwambia nini mwanangu?"

"Mwambie mtani wako ni mkorofi," Mwalimu akajibu, sauti yake imerudi. "Lete na hilo begi. Nguo za mtumwa wangu nazo ni zangu."

Babu alimpa begi. Akapanda basi la Ruhembe peke yake, jogoo kwapani. Tulipolifungua lile begi garini tulikuta gauni langu la sikukuu, kiatu kimoja, na upawa. Alikuwa amelifunga mwenyewe. Bibi alikataa hata kuligusa. Na kama ulikuwa unamhurumia shangazi, alipata supu ya jogoo na akapata mlezi: babu alikaa kule mpaka mjukuu wake alipoanza kutambaa. Waliomwona walituletea habari kwamba mzee wa reli anazunguka kwenye vijia vya miwa na mtoto mgongoni, amefungwa kanga, na kwamba hapo watu walimtania kweli, na hakukohoa.

Njiani kurudi nilikaa mbele ya lori, kati ya dereva na Mwalimu, kwa ajili ya goti. Tulipokaribia Zombo akaniuliza taratibu, "Kabula, wewe uliamini?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Siku zote hizo?"

"Ndiyo."

Alivua kofia, akajifuta vumbi usoni, akaishikilia magotini muda mrefu. "Nisamehe," akasema. Sikuwa nimewahi kusikia mwalimu akimwambia mwanafunzi neno hilo. Muhula uliofuata, alipofika tena kwenye misafara, alitupeleka nje kama kawaida, akatuonyesha milima, lakini safari hii alikaa chini nasi kwenye majani. Alisema wazee husimulia kwamba waliopita na waliopitiwa walikutana kwa mengi, mengine mabaya, na baadaye wakachagua kucheka wakikutana, wakacheka mpaka ikawa sheria. Akasema kutaniana ni njia ya kumgusa mtu mahali ambapo adabu hairuhusu mkono wako ufike. Mwenzangu mmoja aliuliza kama litatoka kwenye mtihani. Akasema hapana.

Nilisoma. Nikawa mwalimu, nikapangiwa kazi hapa Mikumi, kwenye mji ule ule nilioona mkubwa. Rehema ni nesi. Wengine wako sokoni, wengine mashambani, mmoja ni askari wa barabarani na tukimwona tunamwambia aache kupuliza vibaya. Babu na bibi walishatangulia. Mwalimu alistaafu lakini uwanjani hakustaafu. Hata alipoanza kutembelea fimbo, jioni alikuja na kopo la majivu, anawaelekeza watoto wa watoto wetu jinsi ya kunyoosha mstari. Nilikuwa nampigia simu, ananijibu, "Mtumwa, umekula?" Siku simu ilipopokelewa na mkewe, nilijua kabla hajasema.

Msibani mkewe aliniita chumbani. Tunamwita Mama Neema, mwanamke mpole. Alinikabidhi ile kofia na ile filimbi.

"Watani wake wa zamani wamekwisha," alisema. "Babu yako ndiye alikuwa wa kwanza. Sasa umebaki wewe. Ukatuchekeshe, mwanangu, maana sisi tumelia mpaka basi."

"Mama, mimi nitalia."

"Usilie. Utalia ukifika kwako." Kisha akanishika mkono. "Unajua bibi yako ndiye aliyekuja? Ile habari ya Ruhembe. Alikuja hapa asubuhi na kopo la majivu, kana kwamba ameleta ya uwanja. Akasema, mimi mume wangu siwezi kumpinga, lakini wewe ni mtani wake, wewe unaweza kumwambia lolote. Akamwaga majivu, akaenda zake shamba."

Nikakumbuka uso wa bibi kwenye chungu. Ni kweli, ni wa Mwalimu, kafue sketi yako.

Makaburini nilivaa kofia. Jeneza lilikuwa limeshateremshwa, udongo bado. Nilichukua kopo la majivu niliyotoka nayo jikoni kwa Mama Neema, nikainama, nikaanza kutembea kinyumenyume kuzunguka kaburi, nikimwaga mstari, naimba puani kama yeye. Kicheko cha kwanza kilitoka kwa wanawake wa timu ya zamani, kikasambaa. Nikawakemea kwamba wamenipindishia mstari. Mama Neema alicheka kwa mkono mdomoni. Nilikuwa naweza, kumbe.

Ndipo treni ikapita bondeni. Iliunguruma ikaja, na sijui nani alianza, lakini nilipoinua macho Rehema alikuwa ameganda, mguu mmoja mbele. Askari wetu ameganda. Wanawake wazima, wengine na wajukuu mkononi, wamesimama kama vinyago kati ya makaburi, na waombolezaji wengine wanawashangaa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeinama, kopo hewani, majivu yanamiminika juu ya kiatu changu. Mabehewa yakapita, yakapita, la mwisho likapita. Hakuna aliyesogea. Tulikuwa tunangoja filimbi, na ilinichukua muda kukumbuka kwamba iko shingoni kwangu.

Nikaipuliza. Nikasogea ukingoni, nikainama juu yake na kofia yake kichwani mwangu, nikapaza sauti ifike hadi stesheni.

"Mwalimu! Nani kakuruhusu kulala?"

Walicheka. Mama Neema alicheka mpaka wakamshika. Nami nikageuza uso pembeni, nikaitazama milima kama mtu mwenye shughuli nayo, nikamsubiri kidogo, kama alivyokuwa akitusubiri sisi.